Kipande cha Mkaa na Wafu wa Misri

Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza husinzia kwenye zama za mawe, husinzia kwenye zama za chuma, lakini tukifika kwa wafu wa Misri darasa zima huwa macho. Ninajitolea kufundisha historia katika shule moja ya sekondari Murusagamba huku nikisubiri ajira. Kitabu kimewapa Wamisri wa kale kurasa chache tu. Mimi huwapa wiki nzima, kwa sababu hapo ndipo ninapoweza kuchekesha.

"Maiti walimkausha kwa magadi," niliwaambia mwaka huu.

"Magadi haya ya kulainishia maharage, madamu?" aliuliza binti wa dawati la mbele.

"Ndugu yake."

"Sasa si ataiva haraka?"

Niliwaeleza jinsi ubongo ulivyovutwa kwa ndoano kupitia puani ukatupwa, na jinsi moyo ulivyoachwa mahali pake kwa sababu siku ya hukumu ungewekwa kwenye mizani. Niliwaeleza habari ya makaburi yenye vyumba, vitanda, ndala, mitungi ya bia, na sanamu ndogo za watumishi ambazo kazi yake ilikuwa kuitika "nipo" pale marehemu atakapoitwa kwenda kulima huko ahera. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akasema baba yake naye anazo sanamu za namna hiyo, zinaitwa watoto. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta.

Nilitaka wacheke. Niliamini kwamba mtoto akishacheka imani ya watu waliokufa zamani sana, iko siku atapata ujasiri wa kuuliza kuhusu ya kwao. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiwa chuoni nilimuuliza padri, nilimuuliza mhadhiri, nilimuuliza hata mzee aliyekuwa akituuzia karanga na kuapa kwa jina la mama yake kila anapopima. Baadhi ya walimu wangu wakiniona kwenye korido walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu ofisini. Nililiona hilo kuwa sifa.

Mwisho wa wiki hurudi Bukiriro kwa shangazi. Yeye ni dada wa baba yangu. Aliolewa upande wa Biharamulo, akakaa huko mpaka wakwe walipochoka kumsubiri apate mtoto, akarudi kwao na godoro lake. Babu akampa nyumba mwishoni mwa shamba la migomba. Mama yangu alipofariki nilikuwa bado nanyonya, na baba alikwenda kutafuta maisha Mwanza, akayapata, akabaki nayo huko. Shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni. Siku hizi miguu yake imevimba na akipanda kilima kidogo tu husimama kama mtu anayesubiri mwenzake. Hospitalini walisema ni moyo. Yeye aliwasikiliza, akarudi nyumbani, akaanza maandalizi.

Alichagua mahali, katikati ya mashina mawili ya migomba ambapo maji hayatuami, akawa anapapalilia. Alinunua shuka nyeupe akaikunja pamoja na rozari na gauni lake la Pasaka. Nilimtania kwamba yeye na mafarao damu moja, wote walianza kutengeneza kaburi mapema.

"Hao mafarao ndio akina nani?" aliuliza. Tulikuwa uani, tunapukuchua maharage.

Nikamwambia. Alisikiliza vizuri kuliko darasa langu. Habari ya magadi haikumshangaza, habari ya dhahabu haikumgusa. Lakini nilipomweleza kwamba kazi ya kumzika mtu na kumpelekea chakula kaburini ilikuwa ya mtoto wake, mikono yake ikasimama juu ya maganda.

"Na asiye na mtoto?"

"Aliacha shamba, makuhani wakalitumia na kumletea mkate. Wengine waliandika ukutani kumwomba mpita njia yeyote awatajie mkate na bia. Walimbembeleza, wakimwambia hatapungukiwa na kitu. Ni pumzi ya kinywa tu."

"Waliomba wapita njia?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na mkononi hawakumshikisha kitu?"

Nilijua alikokuwa anaelekea. Kwetu, kabla jeneza halijashuka, baba mkubwa wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, huuliza mbele ya watu wote: "Huyu ameacha nani?" Mtoto wa marehemu hujibu, "Ameniacha mimi," na hapo ndipo udongo wa kwanza humwagwa. Pasipo na mtu wa kujibu, baba mkubwa hutoa kipande cha mkaa mfukoni, jeneza likafunguliwa kidogo, marehemu akashikishwa. Maana yake moto wake umezimika, hakuna atakayekuja kuomba kaa la moto hapo. Katekista huwa amemaliza sala zake na amegeuka kutazama migomba. Nimeliona jambo hilo mara moja, nikiwa mdogo, na kitu ninachokumbuka ni vidole vya yule marehemu vilivyobaki vyeusi.

"Binti," shangazi alisema, "siku yangu, baba yako mkubwa akiuliza, nataka ujibu wewe."

Hapo mtu mwingine yeyote angesema, ndiyo shangazi. Mimi nilisema, "Lakini shangazi, maiti hajui ameshika nini."

"Mimi si maiti sasa hivi. Sasa hivi najua."

Nikamweleza kwamba mila hiyo ni ya kuwatisha wanawake. Nikamweleza kwamba mkaa ni mti ulioungua tu. Alinipa muda wangu wote, kama mama anayesubiri mtoto amalize kulia, kisha akasema, "Wale wa Misri waliomba pumzi ya kinywa kwa watu wasiowajua. Mimi naomba kwako." Nikasema tutazungumza. Akarudia kupukuchua.

Tatizo langu ni kwamba nililichukua ombi lake nikaligeuza kuwa hoja. Nilirudi shuleni nalo kichwani, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyozidi kukasirika, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya ukweli. Kwa nini nimjibie yeye peke yake, wakati mila yenyewe ingeweza kung'olewa? Niliona ninawaza mambo makubwa. Shangazi alikuwa anaomba neno moja, nami nilikuwa najiandaa kumletea mapinduzi.

Nafasi ilikuja Nyakisasa, tulipokwenda kumaliza msiba wa binamu wa baba. Wanaume walikuwa wamekaa wameuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, shangazi akiwa amenyoosha miguu yake mbele. Baba mkubwa, aliyekuwa ameshavuta ya kutosha, akataka kuonyesha mali yake.

"Kuna mwalimu hapa," alisema. "Mmemsomesha wote, mnywe elimu yake. Mwalimu, tuambie hao watu waliotiwa magadi."

Nikasimama. Nikiri kwamba nilifanya vizuri. Niliwapa ndoano ya puani, wakaziba pua zao. Niliwapa mahekalu, ambamo makuhani waliweka nyama na mikate mbele ya sanamu ya mungu, wakangoja ashibe kwa kutazama, kisha wakala wenyewe.

"Na sadaka ya ndizi ya Jumapili inakwendaga wapi?" mtu mmoja akauliza, akimtazama katekista.

"Mungu akishashiba," katekista akajibu, "mimi ni nani nitupe chakula?"

Walicheka sana, na kicheko hicho kikaniingia kichwani kuliko pombe. Nilipaswa kukaa hapo. Badala yake nikasema na sisi tusiwacheke Wamisri, maana sisi tunampaka mtu mafuta matakatifu kisha tunamtia mkaa mkononi kama anakwenda kupika. Wakacheka tena, ingawa sasa wengine walikuwa wanamwangalia baba mkubwa kwanza kabla ya kucheka. Nikaona ninawashinda. Nikaendelea.

"Na msidhani mchezo huu hauumizi. Yuko mtu hapa hapa ambaye halali kwa kuuwaza mkaa wenu. Ameniomba nimjibie siku yake asishikishwe. Mwanamke aliyelea, aliyefua, aliyebeba, anaomba kama ombaomba, na anaomba nini? Neno ambalo halina kitu ndani. Ni upepo!"

Sikutaja jina. Haikuhitajika. Macho yote yaliondoka kwangu yakaenda kwenye mikeka. Shangazi alikuwa anavuta kitenge chake kufunika miguu, polepole, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine, kana kwamba miguu hiyo ndiyo iliyokuwa imesemwa.

"Kumbe!" alisema shemeji mmoja kutoka kwenye mikeka. "Kila nikipita namkuta anapalilia pale penye migomba, nasema bibi huyu ana bidii. Kumbe anatandika kitanda!"

"Na wewe madamu," mwanamume mmoja akadakia bila kuachia mrija wake, "hujaolewa, huna mtoto, na miaka inakimbia. Wewe tutakuzika na gunia zima."

Kicheko cha wakati huo nakisikia mpaka leo, na sikichukii kwa ajili yangu. Mimi nilisimama pale kwa hiari yangu. Shangazi hakuwa amesimama.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alitoa mrija mdomoni. "Umesema neno hilo halina kitu ndani?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Ni upepo?"

"Ndiyo."

"Basi wewe usilijibu. Siwezi kuuliza swali la kweli nikapewa upepo mbele ya watu. Atafutwe mwingine." Akarudisha mrija.

Hakukuwa na mwingine. Kila mtu aliyekuwa pale alijua hivyo, na mimi ndiye niliyechelewa kujua. Nilikuwa nimekuja kuung'oa mkaa, na sasa nilikuwa nimeuweka mkononi mwa shangazi yeye akiwa bado hai, mbele ya ukoo mzima, kwa mdomo ambao yeye ndiye aliyeufundisha kusema.

Tulirudi kwa pikipiki mbili. Yangu ilikuwa nyuma, na njia nzima nilitazama mgongo wake ukirushwa na mashimo. Tulipofika nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze. Alivua viatu akasema, "Umezungumza vizuri. Wale watu wa Misri wamewafurahisha." Akaenda kuanua nguo.

Asubuhi alinipa chai katika kikombe cha wageni.

Nyumbani kwa shangazi kuna vikombe vya bati, ambavyo ndivyo vyetu, na kuna vikombe vya udongo vyenye maua, vyenye visahani, ambavyo hukaa kabatini vikimsubiri padri au mtu wa serikali. Sikuwahi kunywea hivyo maisha yangu yote. Alikiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akanisogezea sukari, akasema karibu. Hakuwa na hasira usoni. Nadhani hakujua namna nyingine ya kukaa na mtu ambaye amesema hadharani kwamba si wake. Nilikunywa chai ile yote kwa sababu sikuwa na pa kuangalia.

Shuleni nilijaribu kujitetea, kwa kuwa hilo ndilo nililosomea. Nilijiambia kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli. Mkaa ni mti ulioungua, na maiti hana habari. Nilikagua kila kipande cha hoja yangu na sikupata kosa, na bado kila nikifika mwisho wake nilikuta kikombe kile chenye maua. Niliwaza kumwambia baba mkubwa kwamba nimebadilika, ninaamini. Nikagundua siwezi, kwa maana ingekuwa uongo, na kilichonitia aibu zaidi ni kwamba hata katika hali ile nilikuwa bado najali usafi wa hoja zangu.

Jumamosi iliyofuata nilinunua dumu la pombe ya ndizi nikaenda kwa baba mkubwa. Nilimkuta ameanika kahawa kwenye turubai, anaigeuza kwa miguu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba radhi umechelewa. Mama yako ameshakuja."

Nikamwambia mama yangu alishakufa, kana kwamba hakulijua hilo, yeye aliyemzika.

"Yule aliyekuja hapa juzi kwenye pikipiki, miguu kama mihogo, amekufa?" Aliendelea kugeuza kahawa. "Nimempa kiti, amekataa. Amepiga magoti hapa, hapa kwenye mawe, halafu akashindwa kuinuka. Tumemwinua wawili. Akasema nikusamehe mdomo wako. Akasema wewe hukuchapwa ulipokuwa mdogo, alikuwa anakuonea huruma kwa kuwa huna mama, kwa hiyo kosa ni la aliyekulea."

Nilihamishia dumu mkono wa pili.

"Nikamwuliza, na ule mkaa? Maana nilidhani hicho ndicho kilichomleta. Akaniambia hayo yaache, mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto." Baba mkubwa alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, na hakunitazama kwa wema. "Sasa nisaidie wewe uliyesoma. Nimezika watu wengi. Asiye na mtoto nitamjua vipi, kama anakuja kunivunjia magoti yake kwa ajili ya mtoto? Umeniharibia kazi yangu. Huo mkaa nitauweka wapi?"

"Baba mkubwa, mimi bado siamini..."

"Nani amekutaja wewe?" alinikatiza. "Ninamzungumzia yeye. Wewe nikiuliza utajibu, au hutajibu?"

"Nitajibu."

"Kwa sauti. Nitakuja na mkaa mfukoni kama kawaida. Ukitafuna maneno, mkaa unashuka naye." Akalichukua dumu mkononi mwangu, akalitikisa kusikia limejaa kiasi gani. "Na lile la kumtia mtu mkaa kama anakwenda kupika, usilirudie. Mke wangu analisema kila siku jikoni."

Nilitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi. Nilimkuta uani, kwenye kigoda, anachambua mchicha, magoti yake mawili yamepakwa mafuta ya mgando juu ya michubuko. Nilimsalimia, akaitikia. Nikaanza kupiga magoti.

"Hapo kuna mavi ya kuku," alisema. "Sogea huku."

Nikasogea. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, nami nilipoyatazama magoti yale yote yakaondoka. Nikasema tu, "Shangazi, nimekuaibisha."

"Ndiyo," alisema. "Umeniaibisha." Akaendelea na mchicha. Nilishukuru kwamba hakusema si kitu. Baada ya muda akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema nikitafuna maneno, mkaa unashuka."

"Yule hana mchezo. Basi sema, nisikie."

"Sasa hivi?"

"Unataka kusubiri niwe wapi?" Akaweka ungo pembeni, akanyoosha mgongo, akatoa sauti nzito ya kaka yake, pamoja na kikohozi chake. "Huyu ameacha nani?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema katika ukumbi wowote, nilifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Sijasikia," alisema. "Na siku hiyo masikio yangu yatakuwa mabaya zaidi."

Nikasema tena, nikiangalia chini.

"Niangalie mimi. Kuku hawana swali na wewe."

Nikainua macho. Sitasema kwamba niliamini kitu wakati ule, kwa sababu sikuamini, na siamini. Nilikuwa naona aibu tu, kwa kuwa alikuwa ananifundisha neno hili kwa uvumilivu ule ule alionifundishia mengine yote, na bado hakuwa na uhakika kama atalipata. Akakohoa kama baba mkubwa. Akauliza tena. Nikajibu kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kuku wakatawanyika, na ng'ambo ya migomba jirani aliyekuwa analima akaacha jembe.

"Kuna nini huko?" jirani aliita.

"Hakuna kitu," shangazi akamjibu. "Ni mwanangu, anajifunza."